Hakimu haji na witiri

Mdogo wake babu yangu alikuwa mpiga ramli kule Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Watu wa pale walimwita Mwalimu, mimi nilimwita Babu. Siku ya kwanza nilivuka kwa pantoni na kauntabuku mpya kwapani, kijana wa chuo cha ualimu, tayari kunakili siri zote.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Hilo buku la nini, umekuja kuandikisha wapiga kura?"

Akaliweka juu ya kabati, likakaa huko mwaka mzima.

Alifundisha kwenye sinia la mchanga. Unatia nia, kisha unadonoa nukta kwa kidole, kulia kwenda kushoto, bila kuhesabu, mistari 16. Halafu unafuta mbilimbili mpaka kila mstari ubaki na nukta moja au mbili. Mistari minne ni umbo moja, kwa hiyo una maumbo manne, na hao ndio mama. Ukiwasoma kwa kulala, vichwa vyote pamoja, vifua pamoja, viuno, miguu, unapata mabinti wanne. Unawajumlisha wote wanane wawiliwawili, mstari kwa mstari: nukta zikiwa shufwa unaweka mbili, zikiwa witiri unaweka moja. Wanazaliwa wajukuu wanne, kisha mashahidi wawili, na mwisho hakimu. Maumbo yote yanayowezekana ni 16 tu, toka Tariki yenye nukta nne hadi Jamaa yenye nane.

Maana zake hakunigusia. Alikaa barazani na kahawa yake, akatupia sinia langu jicho moja, akasema, "Futa." Kweli, nikirudia hesabu naona nimekosea. Miezi ilipita hivyo nami nikaamini ana ruhani anayemnong'oneza.

Siku moja akaniita karibu. "Mhesabu hakimu. Hakimu haji na witiri. Nne, sita au nane. Ukiona tano au saba, umeharibu njiani."

Usiku ule sikulala. Nilichora kwenye karatasi ya maandazi mpaka nikaiona: mabinti ni nukta zilezile za mama, zimelazwa tu. Kila nukta inaingia mara mbili, na kitu mara mbili lazima kiwe shufwa. Ndiyo maana nusu ya maumbo yale 16 hayakai kamwe kwenye kiti cha hakimu. Asubuhi nilipanda pantoni ya kwanza.

Babu alinisikiliza, akanitaka nirudie, kisha nirudie tena polepole kwenye mchanga. "Basi wewe umejua kwa nini," akasema. "Mimi nilipewa hivihivi, na kilemba nilichotoa ni mbuzi." Akanyanyuka akalishusha buku langu kabatini.

Maana za maumbo alinipa kwa sharti moja, nililoapishwa mara tatu: nisitaje mtu. "Akija mtu kuuliza nani kamroga mama yake, kunja mchanga wako." Ramli chonganishi aliichukia kuliko wizi. Nchi hii vikongwe wamekatwa mapanga kule Usukumani kwa sababu ya macho mekundu na neno la mpiga ramli mmoja, na Babu hilo alilijua vizuri.

Shehe wa mtaani kwangu husema yote haya ni haramu. Sibishani naye, wala simpigii mtu ramli. Wanaoniomba nakala ya buku nawajibu kuwa maana zina mwenyewe, na ruhusa ya kuzigawa hakunipa. Hesabu hakunikataza.

Kwa hiyo kila mwaka, nikifika shufwa na witiri, nachora nukta ubaoni, mama, mabinti, mpaka hakimu, bila kutaja mchanga. Mwaka jana binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii babu yangu anayo."

Darasa likaangua kicheko. Nikamuuliza hakimu wa babu yake huwa na nukta ngapi.

"Sita. Au nane. Zikija tano anatukana halafu anafuta."