Chevrolet C20 ya 1979: jinsi nilivyoifunga tairi mbilimbili nyuma

Pima kwanza, spana baadaye. Makosa mengi ya dabo, yaani tairi mbilimbili nyuma, huanzia kwenye futi: rimu zimenunuliwa, ekseli imelipiwa, halafu tairi la ndani linasugua springi au mawili yanagusana shavu kwa shavu.

Njia ni mbili. Unaweza kufunga spesa kwenye habu za ekseli ya zamani, au uitoe ekseli nzima na kuweka ya C30, pikapu ya Chevrolet ya mizigo mizito zaidi, iliyotoka kiwandani na tairi mbilimbili. Mimi nilibadilisha ekseli nzima. Difu ya GM ya boliti 14 (ni boliti za kifuniko cha difu, si za rimu) ya tairi mojamoja ina upana wa inchi 67.5 kutoka uso wa kufungia rimu mmoja hadi wa pili. Ya pikapu ya C30 ya dabo ina inchi 72. Ile nafasi ya ziada ya inchi 2.25 kila upande ndiyo inayolinusuru tairi la ndani. Ila kuwa macho yadi ya magari chakavu: kuna ekseli ya boliti 14 iliyotoka kwenye C30 zilizouzwa kama chesisi na kebini tu, na hiyo ina inchi 63.5. Kwa macho zinafanana, na muuzaji huziita zote ekseli ya dabo. Toa futi kabla ya kutoa pesa.

Baada ya hapo, nafasi kati ya tairi na tairi. Rimu za dabo hufungwa uso kwa uso, kwa hiyo umbali kati ya katikati ya tairi moja na katikati ya mwenzake ni kina cha rimu (kutoka uso wa kufungia hadi katikati ya upana wa rimu) mara mbili. Zangu, za inchi 16 kwa 6, zina kina cha milimita 127, kwa hiyo umbali ni milimita 254. Tairi la 235/85R16 linaacha pengo la kama milimita 19 tu bila mzigo. Ukipakia, mashavu yanavimba chini, yanasuguana, yanapata joto, na uharibifu huo huuoni mpaka tairi ipasuke. Nilichukua 215/85R16, ambayo inaacha karibu milimita 38. Yenye alama ya uzito 115/112 hubeba kilo 1,215 ikiwa peke yake na kilo 1,120 kila moja zikiwa mbili, ikijazwa upepo wa kiwango kilichoandikwa ubavuni. Tairi za upande mmoja zisipishane kipenyo kwa zaidi ya milimita 6, kwa sababu ile kubwa itabeba mzigo wa mwenzake.

Hapa naomba usome taratibu. C20 nyingi za miaka ile zina rimu za inchi 16.5. Tairi la inchi 16 huingia kwenye rimu hiyo bila shida, ila halikai kwenye ukingo wake. Fundi anapojaza upepo akisubiri likae, waya wa ukingo unakatika na tairi inalipuka. Watu wamekufa hivyo. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma cha rimu yenyewe, na zile za 16.5 usiziache karibu na mashine ya tairi.

Ekseli kamili ina zaidi ya kilo 200, kwa hiyo tumia jeki ya gia boksi au winchi. Kabla ya kutoa ya zamani, pima digrii za pua ya difu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na umbali wa katikati ya springi hadi springi. Viti vya springi vya ekseli mpya visipolingana, vikate, shika vipya kwa nukta chache za kuchomea, shusha gari, pima pua tena, ndipo uchomee. Choma vipande vifupi ukihama upande hadi upande, maana bomba likipinda kwa joto shafti italia. Yu-bolti nunua mpya. Linganisha pia krosi za propela.

Kwenye ekseli hizi za zamani dramu imefungwa nyuma ya habu. Unatoa boliti 8 za shafti, unavuta shafti, ndipo habu na dramu zinatoka pamoja. Kwa kuwa ushafika huko, badilisha sili na viatu vya breki papo hapo. Beringi kaza habu ikizunguka, legeza, kisha rudisha kwa nguvu ya vidole. Dramu za dabo ni inchi 13 kwa 3.5, na gari likiwa tupu kwenye mvua breki za nyuma hufunga mapema. Niliweka valvu ya kupunguza presha ya breki za nyuma, inayorekebishwa kwa mkono.

Mbele unaweza kubaki na rimu za kawaida za boliti 8, lakini spea tairi haitaingia pande zote. Niliweka adapta za chuma kwenye habu za mbele ili rimu zote sita ziwe za aina moja.

Tairi la nje linatokeza kama sentimita 14 nje ya bodi, kwa hiyo madigadi mapana ni lazima. Toa majani mengine ya springi, jani kuu libaki peke yake, pandisha ekseli kwa jeki hadi kwenye raba ya kuzuia, ndipo uweke alama ya kukata bodi. Marekani, gari la upana wa inchi 80 au zaidi linadai taa za pembeni za kuonyesha upana na taa tatu tatu za katikati, mbele na nyuma.

Unapofunga magurudumu, valvu ya tairi la ndani na ya nje zitazamane pande tofauti, ili mkono ufike kwenye zote mbili. Uso wa rimu usiwe na rangi nene, maana rangi inasagika na nati zinalegea. Nilikaza kwa Nm 190, kwa msalaba, nikarudia baada ya kilomita 80 na tena baada ya 160. Mara ya kwanza nati tano zilizunguka kidogo.

Sahani ya uzito wa gari haibadiliki. Springi na chesisi bado ni za C20.