Kumbe si njia ya damu

Leo nimeshika upanga kwa mara ya kwanza. Wa mkono mmoja, umefuliwa kwa vipimo vya Ulaya ya Zama za Kati.

Nikakaza bega, nikijua ni mzito.

Kumbe kilo moja na ushee tu! Nusura niurushe juu.

Halafu kile kijifereji cha katikati ya bapa. Miaka yote nimebishana na watu kwamba ni njia ya damu (aibu yangu). Mwenye upanga akacheka: kinapunguza uzito bila kuudhoofisha upanga.

Nikapitisha kidole humo, polepole. Mhunzi alishauwazia mkono utakaochoka.

Ubaridi wake bado uko kidoleni.

Nani mwingine aliamini hadithi ya damu? Jitokezeni, nisiaibike peke yangu 😅