Siku moja na beringi ya korona inayochemka

Saa 12 asubuhi. Trekta la kwanza bado halijamwaga majani. Mimi ni fundi mitambo kwenye shamba la mkonge wilayani Korogwe, na kazi yangu kubwa ni kuhakikisha korona, mashine inayokwangua majani ya mkonge na kuacha singa (nyuzi zake), inazunguka: ikisimama, majani yaliyokatwa yanakauka na singa hazitoki vizuri. Nyapara wa zamu ya usiku ananisubiri mlangoni.

"Fundi, beringi ya upande wa mota inachemka. Nimeipiga grisi mara tatu, haisikii."

Napima: nyuzi 94. Kwa kawaida hapo nasoma 55 hadi 60.

Saa 12:30. Mara tatu! Grisi mpya imevuja kwenye sili, ile pete ya kuzuia uvujaji, laini kama uji. Hauzingi, yaani nyumba ya beringi, ikishajaa pomoni, rola za ndani ya beringi zinalazimika kuivuruga grisi kila mzunguko, na kule kuvuruga ndiko kunakozaa joto. Mafuta yanakuwa mepesi na kukimbia, joto linapanda, mtu anadhani beringi ina kiu, anaongeza tena. Nafasi tupu ya hauzingi inatakiwa ijazwe theluthi moja hadi nusu, basi. Nafungua plagi ya chini huku mtambo ukizunguka ili ziada itoke yenyewe.

Saa 2. Nyuzi 81. Imeshuka, lakini haijarudi kwake, kwa hiyo grisi haikuwa chanzo, ilikuwa nyongeza tu. Siwezi kuiacha hivyo. Kanuni tunayoitumia mafundi inasema kila nyuzi 15 juu ya 70 zinakata maisha ya grisi nusu; ukifika 100, umebaki na robo.

Saa 3. Nakagua mikanda. Ikikazwa kupita kiasi huvuta shafti upande mmoja na kuielemea beringi. Hii iko sawa, puli nazo zimenyooka. Maji? Korona inaoshwa muda wote, na utomvu wa mkonge una tindikali, hivyo sili ikichoka beringi inaanza kutu. Lakini grisi iliyotoka haina weupe wa maziwa. Maji hayajaingia.

Ndipo ninapopima upande wa pili wa ngoma ya korona, ambako hakuna aliyelalamika. Nyuzi 77. Pande zote mbili!

Saa 4. Chai na mihogo. Kijana wangu wa mafunzo anakumbusha kwamba beringi ya upande wa pili ilibadilishwa wiki iliyopita na kikosi kingine. Chai inabaki nusu.

Saa 6 mchana. Korona inazimwa kuondolewa singa zilizojisokota. Tunaweka kufuli kwenye swichi, tunanyanyua kifuniko cha beringi ya upande wa pili, na jibu liko pale: pete mbili za kuzuia, moja kila upande wa beringi.

Shafti ya chuma hurefuka ikipata joto, takriban mikromita 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Hii yetu ina mita 2. Ikipanda nyuzi 40 inaongezeka karibu milimita 1. Ndiyo maana beringi moja hufungwa isisogee, na nyenzake huachwa iteleze ndani ya hauzingi. Huku zote mbili zilifungwa. Shafti haikuwa na pa kwenda, ikazisukuma rola ubavuni. Aliyezifunga alikuta pete kwenye boksi akaona zitumike zote, na kusema kweli boksi halimwambii mtu kitu.

Saa 7. Tunatoa pete. Tunafuta grisi yote ya zamani upande huu na ule wa mota, maana hatujui usiku walichanganya aina gani, na grisi zisizopatana huyeyushana. Njia za rola hazijageuka bluu kwa kuungua, nafasi ya ndani kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo) inaridhisha. Beringi zimepona.

Saa 8:30. Korona inawaka. Saa ya kwanza joto linapanda hadi 72, na msimamizi anakuja mbio. Namwambia atulie: grisi mpya hupandisha joto mpaka ijipange.

Saa 11 jioni. 60 upande wa mota, 56 upande wa pili. Naandika kwenye daftari la zamu: pimeni pande zote mbili kila saa, bomba la grisi lisiguswe mpaka Jumatatu.

Nyapara wa usiku anasoma, anakuna kichwa.

"Hata kidogo, fundi?"

"Hata kidogo."