Begi la pango kwenye mizani ya misumari

Jana jioni, wateja walipopungua na bosi akiwa amezama kwenye hesabu zake, nilipandisha begi langu juu ya mizani tunayopimia misumari. Sindano ikatikisika, ikasimama kwenye kilo 11 na ushee. Kijana wetu wa mkokoteni akacheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa simiti.

"Auntie, unahama?"

Sihami. Kesho naenda Mlima Suswa, kule Bonde la Ufa, kwenye mapango, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ni mara yangu ya tatu, kwa hivyo sina kisingizio. Mtu anayeshinda stoo ya hardware siku sita kwa wiki, akijua uzito wa kila kitu kuanzia nati hadi mabati, hafai kupakia begi kama bi harusi.

Kosa lilianzia kwa orodha niliyoitoa mtandaoni. Aliyeiandika ni Mwingereza, na nikisoma naona kabisa mapango yake yana maji hadi shingoni. Suti ya mpira ya kupiga mbizi. Soksi za mpira. Kamba, vyuma vya kujining'iniza, mkanda wa kiunoni wa kubebea vyuma hivyo. Nguo za kubadilisha zilizofungwa zisiingie maji. Sikuvinunua vyote, pesa natoa wapi, lakini roho ya orodha ile ilikuwa imeniingia na nikaanza kutafuta vya kufanana navyo hapa hapa dukani.

Sasa, mapango ya kule kwao mengi ni ya mawe ya chokaa. Maji ndiyo yaliyoyachimba, yakiliyeyusha jiwe kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, na mara nyingi maji hayo bado yamo ndani yanapita. Mtu akilowa humo, baridi ndiyo inayomuua. Suswa ni volkano. Pango lake ni bomba: uji wa moto ulitiririka kutoka mlimani, juu ukapoa na kuganda kama utandu wa maziwa, chini ukaendelea kutembea hadi ukaisha, ukaacha uwazi. Baadaye dari ikaporomoka hapa na pale, na mashimo hayo ndiyo milango tunayoingilia. Hakuna mto humo. Kuna vumbi, kuna kinyesi cha popo, na kuna jiwe linalokwaruza kama msasa namba 40. Adui zangu ni wengine kabisa na wa yule Mwingereza.

Basi cha kwanza kutoka kikawa kamba. Nilikuwa nimechukua manila mita 20, kilo karibu 2. Kamba ile ninaiuza mimi mwenyewe. Najua inafunga ng'ombe, inafunga godoro juu ya pikapu, inavuta ndoo ya maji kisimani. Hakuna popote palipoandikwa kwamba inabeba mama wa miaka 34 anayening'inia gizani. Na mapango tunayoingia yanaingilika kwa kushuka juu ya mawe yaliyoporomoka, unashika kwa mikono. Kamba ilikuwa ya kunituliza moyo tu. Nikairudisha kwenye rafu na kuikunja vile ilivyokuwa, bosi asijue.

Zikafuata koti la mvua na sweta ya pili. Kule juu asubuhi kuna baridi kweli, mlima unapita mita 2,300, lakini hiyo ni baridi ya kwenye gari. Sweta itabaki ndani ya nissan. Thamosi ya chai pia. Hiyo iliniuma.

Sasa nije kwa viatu, maana hapo ndipo nina kidonda.

Mara ya pili kwenda Suswa nilivaa buti za mitumba, za kupanda milima, ngozi nzuri, soli nene, kama hazijawahi kugusa ardhi. Nilibembeleza hadi nikazipata kwa 1,800 na nikaondoka nikijiona mjanja. Kumbe kiatu kama hicho kinaweza kuozea kabatini. Ile povu iliyo kati ya soli na ngozi, kwenye buti nyingi za kisasa, huvunjika vunjika kwa umri na unyevu hata kama hakivaliwi. Tukiwa ndani kama nusu saa hivi, nikasikia mguu wa kulia unapiga makofi. Soli ilikuwa imefunguka kutoka kidoleni hadi katikati ya wayo, kama mdomo wa mamba. Nikaigusa, ile povu ikamomonyoka mkononi kama keki ya juzi. Dakika kumi baadaye, wa kushoto nao ukajibu.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja kwenye kundi letu, dereva wa lori aliyestaafu, aliyekuwa na kipande cha mpira wa tyubu mfukoni, ule mabodaboda hufungia mizigo. Alinifunga miguu yote miwili kama anafunga kuku wa Krismasi. Nikatoka nayo hivyo hivyo, nikiinua mguu juu kama mtu anayekanyaga matope, na kila nilipopita wenzangu walikuwa wananimulika miguu wakicheka.

Kwa hivyo safari hii: buti ni hizi hizi ninazovaa kazini, chapa siijui, miezi minane miguuni, soli imeshonwa. Si nzuri. Lakini jana nilipiga magoti nazo, nikazikunja kwa mikono miwili, nikabonyeza pembeni mwa soli kwa kidole gumba, nikazinusa. Ukibonyeza na ikabaki na alama, au ukiona vinyufa vidogo kama vya chungu kikavu, iache hapo hapo kwa muuzaji. Gambuti nilizikataa. Ni nzuri kwa tope, lakini juu ya mawe makali kifundo cha mguu kinachezacheza ndani. Na mita mbili za mpira wa tyubu zimo begini, zimezungushwa kwenye chupa ya maji. Uzito wake mizani haikuuona.

Taa ni tatu. Hapa sibishani na mtu, na hapa hata yule Mwingereza tumekubaliana naye. Mbili za kichwani, moja ya mkono, na simu haihesabiki. Simu inakula mkono mmoja ambao unauhitaji kushikia jiwe, na ndiyo hiyo hiyo utakayotafutia mtandao ukishatoka. Mara ya kwanza kiongozi wetu, kijana Mmaasai wa pale pale Suswa, alituambia tuketi na kuzima kila kitu. Giza lile si la stima kupotea mtaani kwetu Umoja. Umoja ikipotea bado kuna taa za gari, kuna mbalamwezi, kuna jirani na koroboi. Kule nilikaa nikasikia tumbo la mwenzangu likinguruma, wala sikuweza kusema yuko kulia au kushoto. Nikajiuliza ningetoka vipi bila taa. Singetoka.

Zote tatu nimehakikisha zinakula betri za aina moja, zile nyembamba, ili betri sita za akiba zifae popote. Tochi za kichwa zina ugonjwa mmoja: kitufe hubonyezeka kikiwa begini, na unafika pangoni umeshamulika ndani ya begi njia nzima kutoka Nairobi. Dawa yake ni kugeuza betri moja kichwa chini. Ukifika unaigeuza tena. Pia nimebadilisha ule ukanda wa kichwa, ulikuwa umelegea kama lastiki ya chupi ya zamani, nikashona mwingine.

Kofia nayo ina hadithi. Ile ya mjengo, ya manjano, tunayo dukani tele, lakini ukiinama inaanguka mbele yako na kuviringika. Helmeti ya bodaboda ni nzito na inaziba masikio, na mimi nataka kusikia mtu akiniambia "angalia kichwa". Nimechukua ya mjengo, nikatoboa matundu mawili pembeni na kutia mkanda wa kidevuni. Kumbe kutoboa kunadhoofisha ganda lake, mzee wa stoo jirani akanigombeza, na ana haki. Nikaiacha hiyo, nikachukua nyingine ambayo tayari ina vishikio vya ndani vya kufungia mkanda. Shilingi 350 zimekwenda hivyo. Lakini dari ya Suswa ina meno, pale ambapo uji ulidondoka ukagandia hewani, na kichwa changu kimeshawahi kukutana nayo.

Kuhusu barakoa sifanyi mzaha. Kwenye kinyesi cha popo huishi kuvu aina ya histoplasma. Mkikanyaga vumbi likapanda, unavuta mbegu zake, na wiki moja au mbili baadaye unaanza homa na kikohozi ambacho mtu atakutibu kama mafua au kifua kikuu. Zile barakoa nyembamba za vumbi tunazouzia mafundi wa rangi hazizibi pembeni. Nimechukua mbili za N95 zilizobaki tangu wakati wa Korona, nikazijaribu mbele ya kioo: ukipumua na miwani ikaingia ukungu, hewa inapita juu ya pua, bana tena ule waya. Ukienda Pango la Kitum, Mlima Elgon, kule ambako ndovu huingia kulamba chumvi, ndio uwe makini zaidi, kwa sababu mwaka 1980 na tena 1987 kuna wageni waliolitembelea wakaugua homa hatari ya virusi vya Marburg, na popo wa matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Kwa hivyo popo simshiki, kinyesi sikigusi, na glavu navua kabla ya kula. Nguo zangu zinaingia kwenye beseni peke yake nikirudi.

Vinginevyo ni haraka haraka. Ovaroli ya kipande kimoja, ili tumbo lisibaki wazi nikitambaa, ingawa kwenda haja nayo ni mashtaka. Vikinga magoti vya fundi wa tailsi. Glavu za pamba zilizochovywa mpira. Chapati mbili, mayai ya kuchemsha, njugu, kipande cha sukari nguru. Chakula nimefunga vizuri kwa sababu kuna pango moja linaitwa Bunge la Nyani, ambapo nyani hulala usiku na mawe yamekuwa laini kwa makalio yao. Sisemi zaidi kuhusu bunge.

Maji lita 3, na hizo ni kilo 3 ambazo hazipunguziki. Suswa hakuna mto wa kujazia chupa. Wenyeji wenyewe kuna mahali wanatega mvuke unaotoka ardhini, wanaupitisha kwenye mabomba upoe uwe maji. Siwezi kwenda kuwapigia hodi na chupa yangu.

Vitu vidogo vyote, betri, bandeji, dawa ya maumivu, kiberiti, filimbi, vimeingia kwenye kopo la rangi la lita moja lililooshwa. Mfuniko wake unahitaji bisibisi kufunguka. Zamani ningetumia mifuko ya nailoni, lakini tangu Agosti 2017 hiyo imepigwa marufuku, na kusema kweli kopo ni bora. Nikianguka juu yake linavunjika lenyewe, au mimi, lakini si vilivyomo.

Jumapili iliyopita nilimpigia shosho simu Murang'a nikamweleza haya yote, kopo, barakoa, taa tatu. Akanyamaza kidogo. Enzi za Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, alikuwa msichana wa kubeba viazi gizani kupeleka msituni, na mapango anayajua.

"Na mnalipa pesa kuingia?"

"Ndio, shosho. Tunalipa wenyeji."

"Sisi tuliingia bure," akasema, "na tulikuwa tunakimbia."

Kisha akauliza kama nimebeba leso. Sikuwa nimebeba. Sasa ninayo: ya kukalia, ya kufungia mkono ukivunjika, ya kujisitiri kwa ile shida ya ovaroli.

Karatasi nimemwachia dada. Nimeandika: tunaingia saa 4 asubuhi, tunatoka kabla ya saa 10 jioni, ikifika saa 2 usiku sijapiga simu piga namba hizi mbili, ya dereva na ya kiongozi wa Suswa. Ameibandika kwenye friji juu ya risiti ya stima. Hakusoma. Alichotaka kujua ni begi, kwa sababu begi ni la mwanawe, la shule, lina picha ya simba aliyevaa miwani, na Jumatatu linatakiwa darasani.

"Lirudi bila vumbi," akaniambia.

Nililichagua kwa sababu ni dogo na halina mikanda inayoning'inia ya kunasa kwenye mawe. Leo mchana nimelipandisha tena juu ya mizani: kilo 6 na gramu 400. Kijana wa mkokoteni akatikisa kichwa kama daktari. Nilikuwa na hakika nimetoa kila kisichohitajika, hadi nilipofungua ule mfuko wa mbele nikakuta kitabu cha Hisabati cha gredi ya nne, kazi ya Jumatatu haijaguswa, na nusu mandazi limekauka kama jiwe.

Kilo 6 na gramu 100.