Kebo ya mita mbili, laptopu kwa laptopu

Mashini zote mbili zikiwa chumba kimoja, usipitishe kitu kwenye intaneti. Video za harusi za GB 64 zitakula mega zako zote kabla hazijafika popote. Fulashi nayo, ikiwa imefomatiwa FAT32, inakataa faili moja la GB 4 kwenda juu, hata nafasi iwe tele. Chukua kebo ya mtandao, chomeka huku na huku, basi. Ruta iache kando.

Kuiacha ruta kuna maana yake hapa Goma. Umeme ukikatika, ruta inazima na kopi inakatikia hapo hapo. Laptopu mbili zenye betri na waya kati yao hazina habari.

Kasi nayo si ya kulinganisha. Kebo nzima kati ya kadi mbili za mtandao za gigabiti (Mbit 1000 kwa sekunde) hupitisha karibu MB 110 kwa sekunde: GB 64 zinamalizika kwa dakika 10, au zaidi kidogo kama diski ni ile ya kuzunguka, kwa sababu hapo diski ndiyo inayochelewesha. Wi-Fi ya GHz 2.4 ikitoa MB 3 kwa sekunde, kazi hiyo hiyo ni karibu saa 6. Kila pakiti, yaani kipande cha data, inapita hewani mara mbili, kwenda kwa ruta na kutoka kwa ruta.

Ukinunua kebo Birere, hapa mjini, itazame kabla ya kulipa. Ndani ya kichwa cha plastiki kinachopitisha mwanga utaona nyaya 8. Zote zifike mwisho, chini ya meno ya shaba. Gigabiti inazitaka zote 8. Mbit 100 inatosheka na 4 tu: ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. Ndiyo maana waya wa bluu ukikatika kebo haifi, inashuka tu hadi MB 11 kwa sekunde, na mwenye mashini analaumu Windows. Fungua hali ya Ethernet usome mstari wa « Vitesse ». Ukikuta 100 badala ya 1000, badilisha kebo. Ile ya kukingamisha (crossover), iliyotumika zamani kuunga mashini mbili moja kwa moja, haihitajiki tena. Kadi za gigabiti zinajipanga zenyewe.

Sasa anwani ya IP, namba inayotambulisha kila mashini kwenye mtandao. Mashini ya kwanza ipe 192.168.50.1, ya pili 192.168.50.2, maski 255.255.255.0, geti (« passerelle », mlango wa kutokea nje ya mtandao) liache tupu. Ukikuta 169.254 mbele, mashini imejipa anwani yenyewe kwa kukosa wa kuipa.

Hapo ndipo wengi wanakwama, na mara nyingi kebo haina kosa. Windows ikikuta mtandao usio na geti inauita wa hadhara (public), na ukuta wa moto (firewall) unafunga kila kitu. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, uandike:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias Ethernet -NetworkCategory Private

Kisha kwenye mashini ya kupokea, yaani ile ya pili, katika cmd ya msimamizi:

net share Kazi=D:\Kazi /GRANT:"Tout le monde",CHANGE

Maelekezo mengi ya mtandaoni yanaandika Everyone. Kwenye Windows ya Kifaransa kundi hilo halijulikani kwa jina hilo, utapata kosa tu. Na ile \ kwenye klavye ya AZERTY ya Kifaransa ni AltGr na 8. Ya Kibelgiji ni AltGr na kitufe cha <. Windows ikikuuliza nywila, weka nywila ya akaunti ya mashini ile ya pili. PIN haikubaliki, na akaunti isiyo na nywila inakataliwa kupitia mtandao.

Kuburuta kwa kipanya kunafaa kwa mafaili machache. Kwa GB 64 tumia robocopy, amri ya kunakili ya Windows:

robocopy D:\Harusi \\192.168.50.2\Kazi /E /Z /R:5 /W:10

/E inabeba folda za ndani zote, hata zilizo tupu. /Z inafanya faili lililokatika liendelee pale lilipoishia. Inapunguza kasi, lakini bei hiyo inalipika. Usisahau /R na /W: bila hizo robocopy itajaribu faili bovu mara 1,000,000, ikingoja sekunde 30 kila mara. Ikikatika, rudia amri ile ile, yaliyokwisha kufika itayaruka. Kwenye Linux, rsync -a --partial inafanya kazi hiyo.

Mafaili madogo maelfu yanakwenda kwa kusuasua hata kwenye gigabiti, maana kila moja linafunguliwa na kufungwa peke yake. Yafunge kwanza katika zip moja, bila kubana. Na zima usingizi wa mashini zote mbili: laptopu ikisinzia katikati, kadi ya mtandao inalala nayo.

Kabla ya kufuta nakala ya kwanza, piga certutil -hashfile harusi.zip SHA256 pande zote mbili, upate namba ndefu inayotambulisha faili. Namba zikitofautiana hata herufi moja, usifute.