Tulivyoanza Kutamka Wazi Matumizi ya Akili Mnemba Chuoni Kwetu Tabora

Katika muhula wa kwanza wa mwaka wa masomo 2023/2024 nilisahihisha insha ya historia iliyoeleza, kwa Kiingereza kisicho na doa, kwamba Mirambo, mtawala mashuhuri wa Wanyamwezi, alifia vitani akipigana na Wajerumani. Yeyote aliyekulia Tabora angesimama hapo hapo, kwa kuwa Mirambo alifariki kwa maradhi mwaka 1884, kabla Wajerumani hawajaitwaa Unyamwezi, na aliyepigana nao mpaka akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 ni Isike, mtemi wa Unyanyembe. Lililonishtua zaidi ni rejeo lililowekwa chini ya maelezo hayo, lenye jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji na hata namba ya ukurasa. Mkutubi wetu alikitafuta kitabu hicho kwa siku mbili katika kila orodha aliyoweza kuifikia, kisha akaja ofisini kwangu akasema, "Mwalimu, kitabu hiki hakipo."

Mwanafunzi hakubisha. Alikuwa ameiuliza ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, na kunakili jibu zima, akiamini kwamba chombo kinachojua mengi kiasi hicho hakiwezi kubuni kitabu. Nilipomsikiliza nilitambua kwamba hakuna aliyewahi kumweleza namna programu hizi zinavyofanya kazi: kwamba hukisia neno linaloelekea kufuata kwa kutegemea matini nyingi mno zilizotumika kuzifunza, na kwamba pale matini zilipo haba, kama ilivyo kwa historia ya Wanyamwezi, zinaweza kupotoka huku zikiendelea kuandika kwa uhakika ule ule.

Kosa langu mwenyewe lilifuata. Kwa hofu ya kudanganywa tena, nilianza kupitisha kila ripoti ya utafiti kwenye programu ya kutambua maandishi ya mashine, nayo ikaniambia kwamba sehemu kubwa ya ripoti ya binti mmoja haikuandikwa na mtu. Nilimwita nikiwa nimekwisha kumhukumu moyoni. Alinipa shikamoo, akaketi, akatoa mkobani kaunta buku lililochakaa pembe. Ndani yake mlikuwa na rasimu tatu za sura ya pili kwa mwandiko wake, sentensi zilizokatwa kwa wino mwekundu, na pembeni maneno ya Kiingereza aliyoyatafuta kwenye kamusi, kila moja na maana yake kwa Kiswahili. "Mwalimu, mimi huandika sentensi fupi ili nisikosee," aliniambia. Nilimwomba radhi pale pale, na nikarudia kumwomba radhi mbele ya kikao cha idara, kwa kuwa tuhuma ilikuwa imekwisha kufika huko.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo mwaka 2023: programu za utambuzi walizozijaribu zilidhani kwamba zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zimeandikwa na mashine. Kampuni ya OpenAI, iliyounda ChatGPT, nayo iliiondoa programu yake ya utambuzi Julai mwaka huo huo kwa sababu ya usahihi mdogo. Kwetu, ambako wanafunzi wengi huandika Kiingereza kama lugha ya tatu baada ya Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha na kisha Kiswahili, kuendelea na kipimo hicho kungekuwa dhuluma, nami niliacha kukitumia.

Badala yake tuliweka tamko la nusu ukurasa mwishoni mwa kila kazi, ambamo mwanafunzi anaandika ametumia programu gani, katika hatua ipi, na alihakiki wapi alichopewa. Kusahihisha sarufi na kutafuta mawazo ya kuanzia kuliruhusiwa. Kuandikiwa hoja, kubuni data au kuweka rejeo ambalo mwenyewe hujalisoma hakukuruhusiwa. Tuliongeza pia mahojiano ya dakika 15 kwa kila ripoti. Kwa wanafunzi 40 hizo ni saa 10, na sitaficha kwamba ni mzigo, lakini sijaona njia nyingine inayoonyesha upesi hivyo kama mtu anaielewa kazi yake.

Hata hivyo, karibu matamko yote ya mwanzo yalisema "sikutumia". Nilipomuuliza kiongozi wa darasa sababu, alijibu kwa adabu, akitazama chini: "Mwalimu, walimu nao wanatumia, mbona hawasemi?" Alikuwa na haki. Kipindi kilichofuata nililieleza darasa kwamba maswali 10 ya jaribio lao niliyaandaa kwa msaada wa programu ya akili mnemba, na kwamba nilikuwa nimeyatupa matatu ambayo majibu yake hayakuwa sahihi, nikawaonyesha yalipokosea. Kuanzia wiki ile matamko yalianza kuwa na maelezo ya kweli, na baadhi ya walimu wenzangu wakaanza kuandika ya kwao. Wengine hawajakubali hadi leo, na mjadala unaendelea.

Jambo la mwisho lilitokana na utafiti wenyewe. Mwanafunzi mmoja alikuwa amewarekodi wazee wa Kwihara wakizungumza Kinyamwezi kuhusu ugomvi wa mashamba, akataka kupakia sauti zao kwenye programu ili apate tafsiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inalinda taarifa za namna hiyo, na fomu yetu ya ridhaa haikusema lolote kuhusu akili mnemba. Tuliongeza kifungu kwa Kiswahili, tukarudi Kwihara kuwasomea wazee kwa sauti. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo mashine nayo itamwambia nani?" Sikuwa na jibu la kumhakikishia. Rekodi zake hazikupakiwa popote. Mwanafunzi alizitafsiri mwenyewe kwa wiki tatu, akiketi na bibi yake jioni, na ndivyo alivyoandika katika tamko lake.