Dhahabu ya kubana mafuta niliipata nilipoiacha breki

Kwenye Gran Turismo 7, mchezo wa video wa mbio za magari, changamoto za mafuta zilinisumbua kuliko mbio zozote za kasi. Unapewa mafuta kiduchu kwenye tangi, halafu unatakiwa uende mbali kadiri uwezavyo kabla hayajaisha. Kwa wiki nzima sikuvuka medali ya shaba.

Nilidhani kubana mafuta ni kwenda polepole. Basi nikawa natambaa, nikifika kwenye kona nashika breki, nikitoka nakanyaga mafuta upya. Siku moja nikakaa kutazama marudio ya mbio zangu, nikahesabu breki tu. Kila nilipoishika, nilikuwa natupa mwendo niliokwisha kuulipia mafuta, na kuurudisha nikaulipia mara ya pili.

Kuanzia hapo nikajiwekea sharti moja: breki nisiiguse. Kwenye sehemu iliyonyooka naachia mafuta mapema sana, gari linaserereka lenyewe, na linapofika konani kasi imeshashuka kiasi cha kona kuimudu. Kazi ni kujua pa kuachia. Nilichagua alama kando ya barabara: kibao, kivuli cha daraja, mwanzo wa ukingo wa rangi. Nikilazimika kushika breki, mzunguko unaofuata naachia mapema zaidi. Gari likifika limepoa mno, nachelewa kidogo. Kona zenyewe nikaanza kuzichukua kwa upana, naingilia upande wa nje, nagusa ndani, natokea nje tena, maana kona pana hubeba mwendo mwingi. Hapo ndipo nilipotumia saa nyingi kuliko kwingine kote, na sijutii hata moja.

Gia otomatiki niliiacha. Ilikuwa inang'ang'ania gia ya chini mpaka injini inapiga kelele. Sasa napandisha gia mwenyewe, mapema, kwa kusikiliza. Mlio ukiwa mzito na mtulivu najua niko sawa. Mchezo una ngazi za mchanganyiko wa mafuta kuanzia 1 hadi 6. Ya 1 inatoa nguvu zote na inakunywa sana, ya 6 ndiyo inayobana kabisa. Naweka 6 tangu mwanzo na siigusi tena.

Kuhusu kasi ya juu: upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, yaani ukienda mara 2 zaidi, hewa inakusukuma nyuma mara 4. Kwa hiyo sikimbilii mwisho wa spidomita. Niliijua kasi inayonifaa kwa kuangalia geji ya mafuta mahali palepale kila mzunguko na kulinganisha.

Penye magari mengine, najibana nyuma ya moja lao ambako hewa imeshapasuliwa, kisha nalegeza kidole. Ila chagua wa kumfuata. Anayeshika breki ovyo atakushikisha na wewe.

Jaribio lililonipa dhahabu lilikuwa na utulivu wa ajabu. Geji ilikuwa imebaki mstari mwembamba, nikafika juu ya mteremko, nikaachia mafuta yote na kuacha gari liteleze lenyewe. Kona ya chini niliipita bila breki. Alama ya dhahabu ilikuwa mbele kidogo tu, na nilipoikaribia nilikanyaga mafuta kwa mara ya mwisho, kwa ncha ya kidole.